Kufunga intaneti ya 4G kwenye biashara ya kijijini

Kabla ya kununua ruta (kifaa kinachopokea intaneti ya laini na kuisambaza), jaribu laini za mitandao yote kwa simu, ukiwa pale pale antena itakapofungwa. Kwenye mipangilio ya simu soma nguvu ya mawimbi: -90 dBm (kipimo cha nguvu hiyo) ni nzuri, ikishuka chini ya -110, mfano -115, utahangaika. Chagua ruta yenye matundu mawili ya antena ya nje. Funga antena juu ya paa ikielekea mnara, uizungushe kidogo kidogo na kusubiri kama dakika moja kila mara, maana namba ya nguvu ya mawimbi huchelewa kubadilika. Waya wa antena usizidi mita 10. Ukiwa mrefu, sehemu kubwa ya faida ya paani hupotelea njiani. Spidi ikishuka jioni tu, mnara umeelemewa na watumiaji. Hapo antena kubwa haisaidii, badili mtandao.