Usibebe .venv kwa flashi
Ukinunua laptopu nyingine pale Luthuli Avenue, Nairobi, na kuhamisha kazi yako ya Python kwa flashi, iache folda ya .venv, yaani mazingira pepe yanayobeba vifurushi vya Python vya mradi huo. Fungua faili ya pyvenv.cfg iliyo ndani uone: mstari wa "home" bado unataja mahali Python ilipokuwa kwenye mashine ya zamani. Ndiyo maana pip, programu ya kusakinisha vifurushi, inagoma kwenye mpya.

Kwenye ile ya zamani, mazingira yakiwa yamewashwa, andika `pip freeze > requirements.txt`, ubebe faili hiyo yenye orodha ya vifurushi. Kwenye mpya: `python -m venv .venv`, yawashe, kisha `python -m pip install -r requirements.txt`. Bando litaliwa, najua, lakini ni afadhali kuliko kukesha ukirekebisha faili moja moja.

PowerShell (dirisha la amri la Windows) ikikataa kuyawasha mazingira, andika kwanza `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`.