Kabla Hujaenda China Kusomea Akupancha

Swali la kwanza si chuo gani, ni utakuja kufanyia kazi wapi. Wengi hukimbilia ufadhili, wakaupata, wakasoma miaka yote hiyo, ndipo wanaporudi na kuanza kuuliza kama shahada yao inatambulika. Tanzania, tiba ya Kichina, ambayo akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba) ni sehemu yake, inasimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na wanaosajili wataalamu na vituo vyake ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, si Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa hiyo hata kama chuoni umesoma anatomia, fiziolojia na famakolojia, usitegemee kwamba shahada hiyo itakuweka wodini kama mwenye MD, yaani shahada ya udaktari wa hospitali. Kenya nayo iliipa tiba asili na tiba mbadala sehemu yake katika Sheria ya Afya ya 2017. Mwenye ndoto za Marekani ajue kuwa leseni hutolewa na kila jimbo kwa utaratibu wake: mengi hutumia mitihani ya kitaifa ya akupancha, California imekuwa na mtihani wake.

Andika barua kwa baraza linalohusika, taja chuo na jina kamili la shahada, na subiri jibu la maandishi. Neno la karani dirishani halitakufaa miaka sita baadaye. Karani mwenyewe atakuwa ameshahamishwa.

Nasema miaka sita kwa sababu shahada ya kwanza ni mitano, sehemu yake ya mwisho ikiwa mazoezi hospitalini, na anayelipiwa na serikali ya China kusoma kwa Kichina kwa kawaida hutanguliza mwaka wa lugha. Programu za Kiingereza zipo, ila zisikudanganye. Darasani mwalimu atazungumza Kiingereza; kliniki bibi wa miaka sabini atakueleza maumivu ya kiuno chake kwa Kichina cha mtaani kwao, na wewe ndiye unayetakiwa kumuuliza amelalaje, choo chake kikoje, mdomo unamkauka au la, kisha umtazame ulimi na kumshika mapigo kwenye mikono yote miwili. Utambuzi wa ugonjwa katika tiba hii umejengwa juu ya maswali. Asiye na lugha atabaki kushika trei ya sindano. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, zipo pia Dar es Salaam na Dodoma. Lenga walau daraja la nne la HSK, mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, kabla hujapanda ndege, hata kama chuo hakijakuomba.

Halafu jipime wewe na sindano. Vituo vya kuchoma sindano mwilini vilivyoorodheshwa na Shirika la Afya Duniani ni 361, na vingi vyake utavisikia kwenye mwili wako kabla hujamgusa mgonjwa, maana wanafunzi huchomana wenyewe kwa wenyewe. Kimoja unaweza kukitafuta sasa hivi ukiwa umekaa. Kunja goti, weka vidole vinne vilivyobanwa pamoja chini ya kofia ya goti, kisha sogea upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Bonyeza kwa kidole gumba. Mahali hapo panaitwa Zusanli, na hutumika sana kwa shida za tumbo. Sindano inayoingia hapo mara nyingi ina unene wa robo milimita, nyembamba kiasi kwamba mkono mbichi huipinda kabla haijapenya ngozi. Ndiyo maana mwanafunzi huanza kwa kuchoma bunda la karatasi laini au pamba iliyofungwa uzi, siku baada ya siku, mpaka vidole vijue kusukuma huku vinazungusha. Ukifika penyewe, anayechomwa husikia uzito au mvuto wa ganzi, si ule uchungu wa sindano ya hospitali. Kama ukiona sindano unazimia, ni heri ulijue leo.

Zanzibar imepokea madaktari wa Kichina kutoka mkoa wa Jiangsu tangu 1964, na Tanzania Bara ilianza kuwapokea 1968. Ukisikia kuna anayefanya akupancha karibu nawe, awe Mchina au mzawa aliyesajiliwa, nenda ukalale kitandani kama mgonjwa. Muangalie anavyonawa, kama sindano zinafunguliwa mbele yako na zikitoka zinakwenda kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali. Utajifunza mengi kuliko kwenye vipeperushi vya mawakala.

Wenye mchepuo wa biolojia na kemia wataumia kidogo tu, wengine wajipange. Anatomia haikwepeki. Kuna kituo juu ya bega, Jianjing, ambacho watu hukipenda kwa shingo iliyokaza. Chini yake pana ncha ya pafu. Aliyezamisha sindano kupita kiasi anaweza kuingiza hewa kifuani, na huyo mgonjwa atahitaji hospitali haraka.

Jiandae pia kwa maswali ya nyumbani. Mjomba atauliza kama unaenda kusomea uganga, na hilo ni jepesi. Gumu ni la punda. Ngozi ya punda huchemshwa kupata ejiao, dawa ya damu ya Kichina, na biashara hiyo ilimaliza punda wa watu vijijini kwetu mpaka Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku mwaka 2024. Magamba ya kakakuona yaliondolewa kwenye orodha rasmi ya dawa ya China mwaka 2020. Ukiwa Mwafrika Mashariki unayesomea tiba hii huwezi kujifanya hayakuhusu, na kwa maoni yangu ni vizuri uamue mapema usichoandika kamwe kwenye karatasi ya dawa.

Na ushahidi? Kwa maumivu sugu ya mgongo na goti, na kwa kichefuchefu baada ya upasuaji, tafiti zinaipa akupancha nafasi ya heshima, ingawa wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani kinatokana na sindano na kiasi gani na matumaini ya mgonjwa. Kwa magonjwa mengi mengine ushahidi ni hafifu. Atakayekuja kwako na kisukari au presha asiambiwe aache vidonge. Mwenye homa apimwe malaria kwanza, sindano baadaye.

Fedha: ufadhili kamili wa serikali ya China hulipa ada na malazi, na posho ya shahada ya kwanza imekuwa yuan 2,500 kwa mwezi. Kula utakula, kutuma nyumbani ni vigumu. Waombaji wa shahada ya kwanza hutakiwa wawe chini ya miaka 25, na maombi mengi hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka. Pasipoti, cheti cha polisi na fomu ya uchunguzi wa afya vifuatiliwe mapema. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha sita na pasipoti yawe yaleyale, herufi kwa herufi. Kama yanapishana, hati ya kiapo ianze kushughulikiwa wiki hii.