Range Rover Iliyozeeka Pwani: Tafuta Maji Kabla ya Kugusa Rangi

Range Rover ya kizazi cha tatu, ile iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 2002 na 2012, bado ni gari la heshima hapa Malindi. Utaikuta barabara ya Casuarina, utaikuta imeegeshwa chini ya mwarobaini kule Shela, na bei yake sasa imeshuka hadi kuwafikia watu ambao zamani waliitazama tu ikipita. Mtu hununua, akafurahi siku chache, kisha akaja gereji na orodha: dari la ndani linaning'inia, kapeti linanuka uvundo, mlango umetoka malengelenge, mlango wa nyuma haufunguki. Na karibu kila mmoja husema: "Fundi, we nipulizie rangi kwanza, hayo mengine tutaona."

Jibu langu ni lilelile: "Mzee, nikipuliza leo, mvua ya Mei itakurudisha hapa." Zaidi ya nusu ya orodha ile ni ugonjwa mmoja, nao ni maji yanayoingia pasipotakiwa na kukosa pa kutokea. Pwani yetu huongeza chumvi juu yake. Ukishona, ukibandika na kupaka rangi kabla ya kuyafukuza maji, utalipa mara mbili. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Zunguka gari na sumaku

Osha gari, liache likauke, kisha lizungukie asubuhi jua likiwa bado chini. Mwanga wa ubavuni hufichua uvimbe wa rangi ambao saa sita hauonekani kabisa. Shika sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze.

Boneti, madigadi za mbele na milango ya gari hili ni alumini, kwa hiyo sumaku haitashika hapo, na hilo si kasoro. Ubavu wa nyuma na tao la gurudumu la nyuma ni chuma. Kama sumaku inashika vizuri sehemu moja ya tao na kuteleza hatua ya kidole pembeni yake, hapo pana filla nene (ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi), na chini ya filla ya namna hiyo mara nyingi pana kutu iliyofichwa ili gari liuzike. Weka alama kwa chaki. Weka alama pia ukingo wa chini wa kila mlango na ukingo wa chini wa kipande cha juu cha mlango wa nyuma. Hizo ndizo sehemu zinazooza mapema zaidi.

Usikwangue chochote bado.

Hatua ya 2: Mwagia maji kuanzia chini

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja aingie ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji wenye mkondo mdogo, si mashine ya presha. Anza kwenye vizingiti vya milango, panda hadi chini ya kioo cha mbele, kisha taa za nyuma, na paa liwe la mwisho. Kaa kila mahali dakika kadhaa. Ukianzia juu, maji yatateremka kila upande na hutajua yalipoingilia.

Maji yakionekana sakafuni ukiwa bado mlangoni, fungua pambo la ndani la mlango. Nyuma yake pana karatasi ya plastiki au sponji iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Maji huingia ndani ya mlango wa gari lolote kupitia kwenye kioo, nayo hutakiwa kutokea kwenye matundu ya chini. Gundi ikikauka kwa joto, karatasi huachia na maji hugeukia ndani. Safisha matundu yale, ondoa gundi ya zamani, bandika upya kwa gundi laini ya utepe ya butili.

Chini ya kioo cha mbele, inua plastiki iliyo karibu na waipa. Hapo pana mfereji. Ukiwa Malindi utakuta majani ya mwarobaini yaliyooza pamoja na yale majani membamba ya mvinje, ambayo yakishikamana huziba kila tundu. Toa kwa mkono, usiyasukume ndani.

Sasa sanrufu, yaani kioo cha paa kinachofunguka, ambayo ndiyo hunipa kazi nyingi kuliko yote. Watu hudhani raba ya sanrufu huzuia maji yote. Haikuundwa hivyo. Maji machache hupita, yakaangukia kwenye trei inayozunguka kioo, kisha yakashuka kwa mirija iliyo kwenye pembe nne: miwili ndani ya nguzo za mbele, miwili nyuma. Mirija ikiziba, trei hufurika, na maji hulowesha dari, yakashuka hadi kapetini. Anayepaka silikoni kuzunguka kioo hajatengeneza kitu. Kioo hakifunguki tena, na mirija bado imeziba.

Kuzibua, nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi ukanunue mshipi mnene wa nailoni. Yeyusha ncha kidogo kwa kiberiti iwe butu, usije ukatoboa mrija. Ingiza polepole ukizungusha, toa, rudia. Usipulize kwa kompresa. Upepo wa nguvu huchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na hapo umebadilisha tatizo dogo kuwa kubwa. Ukimaliza, mimina kikombe cha maji kwenye pembe ya trei na utazame chini ya gari. Yakitiririka nje, vizuri. Yakipotea bila kuonekana chini, mrija umechomoka, na itabidi pambo la nguzo lifunguliwe. Kwenye ukingo ule wa paa umekunjwa mfuko wa hewa wa usalama, kwa hiyo betri itolewe kwanza na kazi ifanywe na anayeijua.

Hatua ya 3: Kapeti na kilicho chini yake

Kapeti la gari hili linakaa juu ya sponji nene. Juu panaweza kuwa pakavu kabisa huku sponji imejaa maji. Bonyeza kwa ngumi karibu na miguu ya dereva, na ukisikia mchirizi, kapeti litoke lote.

Tenganisha betri, subiri kama dakika 10, ndipo uchomoe plagi chini ya viti. Za rangi ya manjano ni za mifuko ya hewa. Usiwashe swichi ya gari plagi hizo zikiwa nje, la sivyo taa ya onyo itabaki kwenye dashibodi hadi ifutwe kwa mashine.

Kama maji ni ya mvua, anika tu. Kama gari lilikuwa likibeba watu waliotoka baharini na nguo mbichi, suuza sponji kwa maji baridi ya bomba kabla ya kuanika. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na kapeti lenye chumvi halikauki hata ukiliacha juani wiki nzima. Wengi hulalamikia dawa ya harufu waliyonunua, kumbe chumvi bado imo.

Sakafu ikiwa wazi, kagua viungo vya nyaya. Shaba ikigeuka kijani, safisha kwa dawa ya kusafishia plagi. Ikiwa uzi umeliwa, kata hadi ufikie shaba inayong'aa, unga kwa risasi ya kulehemu na uvalishe mpira unaojikaza kwa joto. Nimeona watu wakibadilisha kisanduku cha umeme cha bei ghali kwa sababu mashine ya kusoma hitilafu imekitaja, ilhali kilichoharibika ni plagi iliyokaa kwenye maji chini ya kapeti.

Hatua ya 4: Mlango wa nyuma

Mlango huu una vipande viwili. Cha juu kina kioo, cha chini hulala na watu hupenda kukikalia wakitazama bahari kule Mayungu. Lango lisipoitika, usikimbilie kununua kitasa. Tazama kwanza nyaya zinazopita kwenye mpira karibu na bawaba ya juu. Zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa, joto hukausha ganda lake, kisha huvunjika ndani. Dalili yake ni vitu vinavyokatika kwa zamu: leo waipa ya nyuma, kesho kufuli. Vuta kila uzi polepole, na unaorefuka kama mpira umekatika ndani. Unga kwa uzi laini wa magari, na viungo vipishane, visikae mahali pamoja.

Swichi ya kufungulia ina ngozi ya mpira inayopasuka kwa jua na kuingiza maji. Hiyo badilisha, haitengenezeki.

Kutu ya fremu ya juu, hapa nina msimamo. Ikiwa ni madoa, kwangua na utibu. Ikiwa imetoboka, tafuta fremu nyingine, usichomelee kiraka. Bati ni jembamba, na moto karibu na kioo ni hatari kwa kioo chenyewe. Kupata ya mtumba kunahitaji subira, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na magari haya yote yamepita umri huo. Zilizobaki zinalishana vipuri zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo ukiona fremu nzima Mombasa, ichukue kabla hujaihitaji.

Hatua ya 5: Malengelenge ya rangi

Alumini haitoi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe chini ya rangi, hasa pale inapogusana na skrubu au kipande cha chuma na unyevu wa chumvi ukapita katikati. Metali mbili zikikutana hivyo, alumini ndiyo inayoliwa.

Kwangua hadi upite sentimita chache nje ya uvimbe, mpaka uone metali inayong'aa pande zote. Tumia msasa mpya. Msasa au brashi iliyokwisha kusugua chuma huacha chembe za chuma kwenye alumini, na malengelenge yatazaliwa upya palepale. Futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kisha paka praima ya epoksi, ile rangi ya msingi inayoshika metali, siku hiyohiyo, kwa sababu alumini tupu hufunikwa na oksidi upesi. Filla, ikihitajika, iende juu ya epoksi, iwe nyembamba. Kabla ya kurudisha skrubu, ivishe kila moja wasa ya plastiki au ipake grisi.

Kwenye chuma cha tao la nyuma, bati lililooza likatwe na kuungwa jipya, kisha nta ipulizwe ndani ya mkunjo. Filla juu ya tundu hudumu hadi mvua inayofuata.

Rangi yenyewe naipuliza mapema, umande ukishakauka na kabla upepo haujanyanyua mchanga. Wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, upepo wa mchana hutia vumbi kwenye klia, ile vanishi angavu ya mwisho juu ya rangi, hata ukiwa ndani ya kibanda. Siku ya mvua siweki klia, unyevu huifanya iwe na ukungu.

Hatua ya 6: Dari, viti na taa

Dari lililoning'inia usilibane kwa pini. Sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa imekuwa unga, na gundi haishiki unga. Ubao wote utolewe kupitia mlango wa nyuma bila kukunjwa, usuguliwe kwa brashi laini hadi uwe safi, kisha kitambaa kipya chenye sponji kibandikwe kwa gundi inayostahimili joto, ipakwe pande zote mbili. Gundi ya viatu huachia gari likianikwa juani.

Viti vya ngozi huharibika upande wa mlango, mtu anaposuguana akishuka. Mara nyingi kilichopasuka ni rangi ya juu tu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, acha ikauke kivulini, jaza nyufa kwa filla ya ngozi inayonyumbuka, kisha rangi ya ngozi, tabaka jembamba kwa jembamba. Uzi ukiwa umekatika, fundi wa viti atangulie.

Taa za mbele zilizofifia husuguliwa kwa msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, zikang'arishwa na kupuliziwa klia inayozuia miale ya jua. Ukiiacha plastiki tupu, itarudi manjano haraka. Lakini ukiona matone ndani ya kioo cha taa, weka msasa chini. Toa taa, safisha tundu lake la hewa, kausha, badilisha raba ya kifuniko cha nyuma, ndipo usugue.