Rimu za chuma zenye kutu zinarudi kama mpya

Kama rimu zako za chuma zimeshika kutu usikimbilie kununua zingine, osha kwanza na sabuni mpaka grisi yote itoke, kwangua kutu na brashi ya waya, piga msasa namba 80 halafu 240, futa na thina. Tairi wala huitoi kwenye rimu, toa upepo kidogo uchomeke karata za kuchezea kuzunguka ukingo wa rimu, rangi haigusi mpira kabisa. Praima ya kuzuia kutu kwanza, halafu spreyi nyepesi nyepesi mara tatu, ukimwaga nzito inachuruzika. Ila jamani pale nati zinapokaa msipake rangi, nati zitalegea barabarani! Na ukishafunga, jaza upepo, tembea kama kilomita 50 ukaze nati tena.