Hedhi nzito ukishavuka 40, usikimbilie kutoa kizazi
Wadada wa 40 na kitu, kama siku zenu zimegeuka bomba lililopasuka na maumivu juu, kutoa kizazi sio hatua ya kwanza jamani. Ibuprofeni ukianza siku ya kwanza (ushakula, na huna vidonda vya tumbo) inapunguza maumivu na hata damu kidogo, afu kuna vidonge vya traneksamiki (dawa ya kupunguza damu) unameza siku za kutoka damu tu, ila kama ulishawahi kugandiwa na damu mguuni mwambie daktari kabla. Kwa wengi kiboko ni kitanzi cha homoni, sio kile cha kopa (shaba), hicho kinaweza kuzidisha damu. Omba altrasaundi wacheki faibroidi (uvimbe kwenye kizazi), na upimwe wingi wa damu. Pedi inajaa kila saa? Hospitali leoleo.