Pikapu ya Dizeli Inatoa Moshi Mweupe? Nusa Kabla ya Kushika Spana

Hapa Iringa, asubuhi za Juni na Julai, kila gari la dizeli hutoa weupe kidogo likiwashwa. Injini ikipata moto unakwisha. Ninaouzungumzia ni ule usiokoma hata ukishafika mjini.

Nusa kwanza. Moshi unaochoma macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua. Ukiwa na harufu tamutamu, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, kulanti, yaani hayo maji ya kupoza injini, inaingia kwenye silinda.

Tuseme ni dizeli, na gari ni Hilux ya zamani yenye injini aina ya 3L. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya paipu ya nozeli (kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda) moja, ikaze, nenda ya pili, hadi ya nne. Ile isiyobadilisha mlio ndiyo silinda yenye tatizo: toa nozeli yake ikapimwe mnyunyizo. Ikiwa nzima, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kisha taimingi ya pampu, yaani wakati inaposukuma dizeli. Ila nakuomba sana, usilegeze paipu hizo kwenye injini ya komoni reli, ambayo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, kama 1KD ya Toyota. Presha yake hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbilia hospitali hata likionekana dogo.

Hita plagi, zile za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha, zikifa, shida huwa kuwaka kwa baridi tu. Mafundi wengi huzibadilisha bila sababu.

Upande wa kulanti, fungua rejeta injini ikiwa baridi, washa, tazama. Mapovu yasiyokoma yanaashiria gasketi iliyoungua (kizibo kati ya hedi na bloku) au silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, iliyopasuka. Usikubali kubadilishiwa gasketi kabla hedi haijapimwa presha.