Namna ya Kuandaa Malezi ya Kindi Unapolazimika Kusafiri

Ni mwaka wa saba sasa ninalea kindi hapa Arusha, na wa kwanza alikuwa kinda aliyeangukia uani kwangu siku jirani alipokata mgrevilea uliokuwa na kiota. Katika miaka hiyo nimesafiri kwa harusi na kwa shughuli za kikazi, lakini safari zilizonitia wasiwasi zaidi ni za misiba, kwa sababu simu ikipigwa usiku, alfajiri mtu yuko stendi. Ndiyo maana ninashauri kwa mkazo kwamba mlezi wa kindi aandaliwe wakati huna safari yoyote mbele yako. Ukisubiri mpaka ukate tiketi, umekwisha kuchelewa.

Kabla ya yote, hakikisha karatasi zako ziko sawa. Kindi ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali ili mtu amkamate mnyama wa porini au amweke nyumbani. Mlezi atakayebaki naye apewe nakala ya kibali hicho, ili asije akaulizwa maswali ambayo hana majibu yake.

Hatua ya 1: Mwache kindi nyumbani kwake

Wengi hufikiri ni rahisi zaidi kumpeleka kindi kwa mlezi, au kusafiri naye ndani ya boksi. Mimi sikubaliani na yote mawili. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na sehemu kubwa ya njia hiyo ina joto ambalo kindi wa huku juu hakulizoea, achilia mbali kelele na mtikisiko wa basi. Hata kumhamisha mtaa tu kunamvuruga, kwa kuwa kindi hulijua tundu lake kwa harufu na kwa mahali alipoficha chakula chake. Ni afadhali mlezi atembee mara mbili kwa siku kuja kwako.

Hatua ya 2: Mchague mlezi na umzoeze kwa wiki mbili

Mtafute mtu mzima anayeishi karibu, mwenye utulivu wa mwili na sauti, ambaye yuko mtaani saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, kwa sababu kindi wa mitini huchangamka mchana na hulala usiku. Kijana anayependa wanyama ni msaidizi mzuri, lakini asiachiwe jukumu peke yake. Kwangu kazi hii huifanya mama mmoja jirani anayefuga kuku, na nilimchagua kwa jambo moja tu: niliona jinsi anavyosimama kwanza mlangoni mwa banda na kuwatazama kuku wake kabla ya kuwatupia pumba.

Kindi aliyelelewa na mtu mmoja humng'ang'ania huyo na huweza kuwang'ata wengine, kwa hiyo usimkabidhi mgeni mkono kwa mkono siku ya kwanza. Siku tatu za mwanzo, mlezi akae tu karibu na tundu wakati wewe unalisha, na aache kipande cha kanga aliyoivaa kando ya tundu ili harufu yake izoeleke. Baada ya hapo, yeye ndiye ashike mbegu ya boga kwa ncha za vidole, atulie, na asisogeze mkono kumfuata mnyama. Nakumbuka asubuhi kindi wangu aliposhuka kwa jirani yangu kwa mara ya kwanza: aliteremka kwenye gogo kichwa kikiwa chini, nyayo za nyuma zimegeuka kabisa kushika gome, akasimama nusu ya njia, akapiga mkia mara tatu, kisha akaichukua mbegu kwa mikono miwili na kuimenya palepale. Siku mnyama anapokula mbele ya mgeni bila kukimbilia kiotani, ujue kazi kubwa imekwisha.

Mfundishe mlezi mambo mawili yasiyo na mjadala. La kwanza, kindi hashikwi mkia kamwe, kwa sababu ngozi ya mkia huchubuka na kuvuka yote. La pili, mtu aking'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaelezwe kuhusu chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Hatua ya 3: Pima chakula cha kila siku mwenyewe

Hapa ndipo nilipokosea vibaya, na kosa lilikuwa langu. Katika safari yangu ya pili nilimwachia kijana mfuko wa karanga, mahindi na alizeti, nikamwambia ajaze kibakuli kila kikipungua. Niliporudi baada ya siku tisa, kibakuli kilikuwa kitupu na kila mtu alidhani kindi amekula vizuri. Nilipoinua maranda ya kiotani nilikuta karanga zimerundikwa, zimepata unyevu, zimefanya ukungu wa kijani. Karanga na mahindi yenye ukungu ndiyo makao ya sumukuvu, ambayo huharibu ini la mnyama kama inavyoharibu la binadamu. Kindi alipona, lakini alikonda, na tangu hapo sijamwachia mtu mfuko.

Fahamu kwamba kibakuli kikiwa kitupu bado hujajua kindi amekula nini, kwa kuwa silika yake ni kuficha. Tena, karanga, mahindi na alizeti vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Kindi akilishwa hivyo tu, mwili wake huanza kuvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na baada ya muda miguu ya nyuma inalegea, mwili unatetemeka, na mnyama anaacha kupanda.

Ninachofanya sasa ni kufungasha chakula kikavu katika vikopo vidogo, kimoja kwa kila siku, nikiandika jina la siku juu ya kifuniko na kuongeza vikopo viwili vya akiba kwa ajili ya basi kuharibika au msiba kuendelea. Asubuhi mlezi hutoa mboga kwanza: jani la sukuma wiki, kipande cha boga au karoti, na unga kidogo wa ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa. Jioni ndipo mbegu na karanga zisizotiwa chumvi zinapotolewa, tena chache, kwa sababu zikitangulia hatazigusa mboga. Mabaki ya mboga na matunda yaondolewe kabla ya giza, na mlezi achunguze kiotani kila siku ya tatu. Andika kwa herufi kubwa na ubandike ukutani vitu visivyoruhusiwa: chokoleti, parachichi, vitunguu, maharage mabichi, na chochote chenye chumvi au sukari.

Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua, kwa hiyo acha vijiti vibichi vya mpera au mforosadi vya kutosha kutafuna. Mlezi asikate tawi asilolijua. Mnyonyo unaoota kando ya mifereji ya mitaa yetu una sumu.

Hatua ya 4: Kagua tundu

Komeo liwe na kufuli, wavu usiwe na tobo la kupitisha kichwa cha paka, na nyaya za umeme zisifikiwe na meno. Weka chupa mbili za maji, kwa sababu moja ikiziba mdomo, nyingine itamwokoa. Kindi anahitaji pia kuota jua la moja kwa moja kila siku, na jua lililopita kwenye kioo halitoshi kwa kazi hiyo. Lakini nusu ya tundu ibaki kivulini. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kiota kiongezewe vitambaa visivyochomoka nyuzi. Wasomaji wa Moshi mna kazi tofauti, hasa Februari, ambapo jua la alasiri lisipozuiwa linaweza kumuua mnyama tunduni.

Hatua ya 5: Acha daftari, daktari na fedha

Daftari liwe na mistari minne tu kwa kila siku: uzito, kilichobaki, hali ya kinyesi, na kama amepanda gogo. Uzito upimwe asubuhi kwa mizani ya jikoni, kindi akiwa ndani ya kikasha alichokizoea. Akipungua sehemu 1 ya 10 ya uzito wake, au asipokula siku nzima, mlezi asinisubiri nipokee simu; aende kwa daktari.

Daktari wa mifugo mtembelee mapema, kwa sababu wengi wao siku zao zimejaa ng'ombe, mbuzi na mbwa, na ni heshima kumuuliza kama yuko tayari kumtibu kindi. Andika namba yake ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na ya daktari wa pili. Fedha za matibabu na za bodaboda ziachwe taslimu kwenye bahasha, mbali na shukrani ya mlezi, ili asilazimike kutoa zake wala kusita.

Hatua ya 6: Lala nje usiku mmoja

Kabla ya kuiamini mipango hii, nenda ukalale kwa ndugu, hata kama ni Usa River tu, na uzuie mkono wako usipige simu. Ukirudi kesho yake jioni, utaona kilichosahaulika. Mara yangu ya kwanza ilikuwa ufunguo wa kufuli, niliokuwa nao mfukoni.

Siku ya kurudi kutoka safari yenyewe, mwite mlezi awepo. Someni daftari pamoja mbele ya tundu, umwache yeye atoe chakula cha jioni hiyo kama kawaida, na wewe ukae kando mpaka kindi ashuke mwenyewe kukunusa.